Mzee akianza kuyumba usimkalishe: mwongozo kamili wa kulinda balansi kwenye shughuli za kila siku

Umri ukienda mwili unabadilika, hilo kila mtu analijua, ila kuna kitu familia nyingi hatukiangalii mpaka siku mzee yuko chini bafuni na nyonga imevunjika, nacho ni balansi. Haiondoki siku moja. Inapungua taratibu na dalili zake zinaonekana kabisa ukiwa na jicho: anaanza kugusa ukuta akipita koridoni, anavaa suruali ameegemea kabati, akitaka kunyanyuka kwenye kochi anajirusha mara mbili tatu ndo anasimama, sokoni anaanza kumtuma mjukuu, msikitini au kanisani anaanza kukosa kosa na ukimuuliza anasema tu "nimechoka".

Na sisi watoto tunafanya nini? Tunasema mama wewe kaa, baba wewe pumzika, kazi tutafanya sisi. Tunasema kwa upendo kabisa. Lakini msimamo wangu, na ndo sababu ya kuandika haya yote, ni kwamba kumkalisha mzee ndo kunammaliza haraka zaidi. Mguu usiotumika unaisha nguvu, nguvu zikiisha anayumba zaidi, akiyumba anaogopa, akiogopa anakaa zaidi, mzunguko unaendelea hivyo mpaka siku anaenda chooni mwenyewe usiku na miguu haimbebi tena. Shughuli asinyang'anywe, ipangwe upya ili aweze kuifanya bila kuanguka, na wakati huo huo miguu ifanyiwe mazoezi.

Na msidhani ni jambo dogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 684,000 hivi wanakufa kila mwaka kwa kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 yao wako kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani sisi huku. Wanaoongoza kufa ni wenye miaka 60 na kuendelea.

Kwanza elewa kinachotokea mwilini

Mtu anasimama wima kwa kutegemea taarifa kutoka sehemu tatu. Macho. Sikio la ndani, ambako kuna vimfereji vyenye majimaji vinavyouambia ubongo kichwa kimeinama au kimegeuka upande gani. Na hisia za nyayo na viungo, ile ya kujua bila kuangalia kwamba hapa nimekanyaga mchanga na hapa nimekanyaga sakafu. Ubongo unakusanya vyote, unaamua, misuli ya miguu na kiuno inatekeleza, na yote haya yanatokea kabla hata hujajua kama uliyumba.

Umri unagusa kila kipande. Mtoto wa jicho anaingia, sikio linapungua makali, mwenye kisukari cha miaka mingi nyayo zinakufa ganzi, na misuli yenyewe inapungua kuanzia miaka ya 30 na kitu kwa kama asilimia 3 mpaka 8 kila miaka 10, alafu baada ya 60 kasi inaongezeka. Tena ile misuli ya haraka ndo inayotangulia kupungua, ndo maana kijana akijikwaa anarusha mguu mbele anajiokoa anacheka, mzee akijikwaa mguu unataka kwenda lakini unachelewa.

Ukishaelewa hizo sehemu tatu utaanza kuona hatari mwenyewe bila kuambiwa. Umeme ukikatika usiku, macho yametoka kwenye hesabu, kama na nyayo zina ganzi basi amebaki na sikio peke yake. Mzee amesimama bafuni kwenye sakafu yenye maji, amejipaka sabuni usoni amefumba macho, ni hali ile ile ya giza ila mchana kweupe. Wengi wanaanguka hapo na watu wanasema aliteleza tu.

Hatua ya kwanza: mpime nyumbani

Huhitaji mashine. Unahitaji kiti, simu yenye stopwochi, na wewe kusimama karibu yake, karibu kabisa, mkono uko tayari.

Cha kwanza, kiti. Tafuta kiti cha mbao imara kisicho na mikono, urefu wa kawaida wa kiti cha mezani, kiegemeze ukutani. Viti vya plastiki kwenye marumaru miguu inatanuka na kuteleza, kwahiyo kama huna kingine hakikisha kimebana ukutani kweli kweli. Mzee akae katikati, akunje mikono kifuani, alafu asimame wima kabisa na kukaa, asimame na kukaa, kwa sekunde 30, wewe unahesabu mara alizosimama. CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, wana viwango vyao: miaka 60 mpaka 64 mwanamke akipata chini ya 12 au mwanaume chini ya 14 ujue miguu iko chini ya wastani. Miaka 70 mpaka 74 ni chini ya 10 kwa mama na chini ya 12 kwa baba. Miaka 80 mpaka 84 ni chini ya 9 na chini ya 10. Akishindwa kusimama bila kusukuma kwa mikono andika sifuri, na usimcheke wala usimsikitikie mbele yake, hiyo sifuri ndo mahali pa kuanzia.

Cha pili, kusimama. Miguu pamoja, sekunde 10. Akiweza, asogeze mguu mmoja mbele nusu ili kisigino kiguse pembeni ya kidole gumba cha mwingine, sekunde 10. Akiweza, mguu mmoja mbele ya mwingine kwenye mstari mmoja, kisigino kikigusa vidole, sekunde 10. Mwisho asimame na mguu mmoja. Asiyeweza kushika ule mstari mmoja kwa sekunde 10 yuko kwenye hatari kubwa ya kuanguka, mpangieni mambo mapema.

Cha tatu, kutembea. Akae kitini, weka alama mita 3 mbele, asimame, aende mpaka kwenye alama kwa mwendo wake wa kawaida, ageuke, arudi, akae. Ikichukua sekunde 12 au zaidi ni ishara ya hatari. Ila usiangalie stopwochi tu, angalia anavyogeuka. Anageuka kwa hatua ndogo ndogo nyingi? Anayumba? Anatafuta kitu cha kushika? Mpigie na stori akiwa anatembea, kama lazima asimame ndo akujibu basi kutembea kwenyewe kunatumia akili yake yote, kwahiyo kuanzia leo hapo nyumbani asiitwe kwa nyuma akiwa njiani.

Andika matokeo kwenye daftari na tarehe. Utarudia baada ya miezi miwili mitatu.

Hatua ya pili: pita siku yake nzima, kuanzia kitandani

Hapa ndo pana kazi na usiruke. Kaa naye au mfuatilie siku moja, uone anavyofanya kila kitu.

Kuamka. Mtu akisimama ghafla damu inashuka miguuni, kijana mishipa inabana haraka presha inarudi, mzee mishipa inachelewa, kichwa kinakuwa chepesi, macho yanaona giza, chini. Utaratibu ni huu: akiamka ageuke ubavu, asukume kwa mkono akae ukingoni mwa kitanda, miguu iguse chini, apige vifundo vya miguu juu chini kama mara 10 au 20, akae dakika moja mbili, asimame akiwa ameshika kitu, asubiri kidogo, ndo aondoke. Kama una mashine ya presha mpime amelala dakika 5, alafu mpime tena ndani ya dakika 3 baada ya kusimama, ile namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi iandike uipeleke kliniki. Kitanda chenyewe kiangalie, akikaa ukingoni nyayo zikae chini zote na magoti yawe pembe ya kawaida. Godoro juu ya mkeka chini ni zuri kwa kijana, kwa mzee kunyanyuka kutoka chini kila asubuhi ni mlima, fundi seremala atengeneze hata kitanda kifupi.

Choo cha usiku. Nyumba nyingi choo kiko nje, kuna kizingiti, kuna ngazi mbili za mawe, kuna giza, kuna mbwa kalala njiani, alafu mzee kabanwa anakimbia. Kwa wababa tezi dume inaamsha mara tatu nne. Fanya hivi: poti au ndoo yenye mfuniko ibaki chumbani, wala sio aibu, ni usalama. Taa ndogo ya sola inayochajiwa mchana ikae pale pale kila siku ambapo mkono unafika kabla hajasimama. Njia ya kwenda chooni isiwe na beseni, ndoo, waya wa ekstensheni wala kijikapeti kinachokunjika pembeni. Na kama anakunywa zile dawa za presha zinazotoa maji mwilini, muulize daktari kama anaweza kunywa asubuhi badala ya jioni.

Choo cha kuchuchumaa. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu miongozo mingi haigusi kabisa, imeandikwa na watu wa vyoo vya kukaa. Kuchuchumaa kunahitaji magoti, nyonga na vifundo vya miguu vikunje mpaka mwisho, alafu unyanyuke na uzito wote kutoka chini kabisa, miguu imeshakufa ganzi kwa kukaa vile, na sakafu ina maji. Ni kama zoezi gumu kuliko yote anayofanya siku nzima na anafanya peke yake mlango umefungwa. Suluhisho la kwanza ni bomba la chuma la kushika ukutani, fundi wa kuchomelea analitengeneza, liwe mbele yake au upande wa mkono wenye nguvu, kipande kimoja kikae usawa wa kifua akiwa amechuchumaa na kingine usawa wa kiuno akiwa amesimama. Lifungwe kwenye tofali imara, na kabla mzee hajalitumia wewe mwenyewe ning'inia na uzito wako wote. Ukuta wa mabati au udongo usifunge bomba hapo, chimbia nguzo mbili chini na uweke fito imara katikati. Suluhisho la pili ni fundi seremala atengeneze kiti cha mbao cha miguu minne chenye tundu katikati, kinawekwa juu ya shimo, mzee anakaa. Kiwe kizito na kipana chini, kisitikisike, na mbao zipigwe rangi ya mafuta ili zisafishike. Usitoboe kiti cha plastiki ukadhani umemaliza, kikipasuka kinapasuka akiwa juu yake. Mlango komeo liwe linaloweza kufunguliwa kwa nje.

Kuoga. Kigoda au kiti ndani ya bafu, akae. Maji yawe kwenye ndoo iliyonyanyuliwa juu ya kitu ili asiiname kuchota. Sakafu ya marumaru laini au ya niru iliyosuguliwa ikilowa na sabuni inateleza vibaya, weka mpira wenye vinundu unaoganda chini, na usafishe ute wa sabuni kila mara. Ndala zilizoisha soli ndo muuaji mkubwa humu ndani, zikilainika chini zitupwe. Kuosha miguu na kuvaa nguo ya ndani afanye amekaa.

Udhu na swala. Kwa wazee wetu Waislamu hili ni mara tano kwa siku. Kutia udhu miguu wengi wanasimama na mguu mmoja, mwingine umenyanyuliwa kwenye sinki au bomba, chini maji yanamwagika. Hicho ni kile kipimo cha mguu mmoja kinafanyika kwenye sakafu yenye maji! Kigoda na birika, akae atawadhe. Kwenye swala asimame karibu na ukuta au nguzo, akitoka sujuda anyanyuke taratibu, na asiyeweza kusimama dini imeruhusu aswali amekaa, misikiti mingi siku hizi ina viti kabisa. Ila anayeweza asikatazwe na watoto wake eti ataanguka, kwa sababu kushuka na kunyanyuka kutoka chini mara kadhaa kwa siku ndo kunamtunzia magoti na mapaja. Ndugu zangu Wakristo vile vile, kupiga magoti ashike benchi la mbele na anyanyuke kwa mguu wenye nguvu kwanza.

Jikoni. Mbuzi ya nazi, kigoda kifupi, jiko la mkaa chini, kuinama moshini na kuinuka na sufuria ya moto mkononi, hapo mambo yote mabaya yako pamoja. Nyanyua jiko liwe juu ya meza ya matofali, kaa kwenye kiti cha urefu wa kawaida kumenya na kuchambua mchele. Vitu vya kila siku, chumvi, majani ya chai, sukari, vikae kati ya kiuno na mabega. Asipande kitu kufata kitu, sio stuli, sio ndoo iliyogeuzwa, hata kidogo. Khanga na madira marefu yapande juu ya kifundo cha mguu, mama akishika sufuria mikono miwili hana mkono wa kupandisha khanga na akikanyaga pindo ndo basi. Lakini apike. Mama anayependa kupika ukimtoa jikoni umemtoa kwenye maisha yake na umemnyima hatua mia kadhaa za kutembea kila siku.

Maji na shamba. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 juu ya kichwa, inapandisha uzito wote juu na shingo haiwezi kuinama kuangalia jiwe. Agawanye kwa madumu ya lita 5, moja kila mkono, au mkokoteni mdogo. Shambani afanye asubuhi kabla ya jua kali, abebe maji ya kunywa, na kazi za kusimama zipishane na za kukaa. Kwenye mteremko alime akiangalia juu, sio kushuka nao. Kupanda mti basi, hata kama mwembe aliupanda mwenyewe.

Usafiri. Daladala ni ngumu, ngazi ya kwanza iko juu na konda ana haraka. Apande saa ambazo hakuna msongamano, ashike kwanza kwa mikono miwili ndo anyanyue mguu, akae karibu na mlango, na asisimame kushuka mpaka gari limesimama kabisa. Amwambie konda mapema "mwanangu nashuka kituo kinachofuata, mimi taratibu", wengi wanaelewa na abiria wanasaidia. Kwa Dar mwendokasi ni afadhali kwenye kupanda kwa sababu vituo vyake vimenyanyuliwa. Bodaboda mimi sishauri kabisa kwa mzee mwenye balansi mbovu, na kwa akina mama wanaokaa upande ndo mbaya zaidi. Kwenye taksi aingize makalio kwanza, akae, ndo azungushe miguu ndani, na kutoka ni kinyume chake.

Ngazi: kupanda unatanguliza mguu mzima, kushuka unatanguliza mguu mbovu, mkono umeshika reli muda wote. Kama nyumba haina reli weka hata upande mmoja. Na pindo la kila ngazi pakeni rangi nyeupe au ya njano ili macho yaone inapoishia. Miwani ya kusomea avue kabla ya kushuka, na ile yenye sehemu mbili za kuonea inaweza kumdanganya hatua ya mwisho iko wapi.

Simu ikiita asikimbilie. Mfundisheni kwamba tutapiga tena, na kweli mpige tena.

Hatua ya tatu: mazoezi, na hapa hakuna njia ya mkato

Kuna watu wataniambia mzee wa miaka 80 mazoezi ya nini. Mwaka 1990 pale Boston Marekani walichukua wazee 10 dhaifu wanaoishi kwenye nyumba ya kulelea wazee, umri miaka 86 mpaka 96, wakawafanyisha mazoezi ya nguvu za mapaja kwa wiki 8, na nguvu zikapanda zaidi ya mara mbili kwa wastani. Kwenye miaka 90! Misuli haina umri wa kukataa kazi, inachokataa ni kukaa bure. Na Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2020 linasema wenye miaka 65 na kuendelea wafanye mazoezi ya balansi na nguvu siku 3 au zaidi kwa wiki. Kutembea peke yake ni kuzuri kwa moyo na presha lakini kwa balansi hakutoshi, hili wengi hawalijui.

Anza na haya, ameshika meza nzito au dirisha lenye nondo, amevaa viatu vinavyobana vizuri au yuko pekupeku kwenye sakafu kavu. Kama ana maumivu ya kifua, anapumua kwa shida au ametoka kufanyiwa upasuaji, aonwe na daktari kwanza.

Kusimama na kukaa kitini. Aanze na mara 5, akisukuma kwa mikono kama lazima, wiki zikienda atoe mkono mmoja, alafu yote, afike mara 10, apumzike, arudie. Hili ndo namba moja, ukikosa muda wa mengine yote fanya hili.

Kunyanyua visigino asimame kwa vidole, mara 10 taratibu, alafu kunyanyua vidole abaki kwa visigino mara 10. Hii ya pili inafundisha mguu usiburuze, na mguu unaoburuza ndo unaogonga kizingiti.

Mguu pembeni, mmoja mmoja, mara 10 kila upande bila kupinda kiwiliwili. Misuli ya pembeni ya nyonga ndo inakushika unapobaki na mguu mmoja, na kila hatua unayotembea kuna muda uko kwenye mguu mmoja.

Kutembea kwenye mstari pembeni ya ukuta, kisigino kikigusa vidole, hatua 10 kwenda na 10 kurudi. Alafu kutembea kiubavu. Alafu kuruka, sio kwa kuruka kweli, kuvuka fimbo iliyolazwa chini, mbele na nyuma.

Zile hatua nne za kusimama za kwenye kipimo, nazo ni zoezi. Pale anapoyumba kidogo lakini haanguki ndo pa kufanyia kazi. Kama hayumbi kabisa ni rahisi mno halimfundishi kitu, punguza kushika: mikono miwili, mmoja, vidole viwili, hakuna. Kufumba macho ni kwa walioshaimarika tu na lazima kuwe na mtu.

Dakika 20 mpaka 30 zinatosha. Mfungamanishe na kitu anachofanya kila siku, visigino wakati chai inachemka, kiti wakati wa taarifa ya habari. Mabadiliko mazuri yanaanza kuonekana kwenye wiki 8 mpaka 12, wiki mbili za kwanza atalalamika mapaja yanauma, ni kawaida, ila maumivu makali ya kwenye kiungo sio kawaida, hapo punguza.

Na ale. Chai na mkate asubuhi, ugali na mchuzi jioni, misuli haijengwi na hivyo. Maharage, kunde, dagaa, samaki, mayai, maziwa, kila mlo uwe na kimoja. Meno yakiwa shida ponda, saga, fanya mchuzi mzito. Maji pia, wazee wengi wanajinyima maji ili wasikojoe usiku na matokeo yake presha inashuka na kizunguzungu kinaongezeka. Anywe zaidi asubuhi na mchana, apunguze jioni.

Hatua ya nne: dawa, macho, miguu, masikio

Chukua dawa zake zote, zote, na za kienyeji na zile za duka alizoshauriwa na jirani, weka kwenye mfuko mpeleke kliniki ziangaliwe pamoja. Zinazoongoza kuangusha wazee ni dawa za usingizi kama diazepam, amitriptyline ambayo wengi wanapewa kwa maumivu ya mishipa ya fahamu, dawa za presha zikizidi, na za kisukari zikishusha sukari mno. Usiache mwenyewe! Presha ya kupanda ikiachwa inaleta kiharusi. Unachoomba ni daktari aangalie kipi kipungue au kibadilishwe muda.

Macho: mtoto wa jicho anatolewa na mtu anaona tena, asikubali kuambiwa ni uzee. Miguu: mkague nyayo, kucha ndefu, sugu, vidonda, viatu vilivyopanuka. Kiatu kizuri kina mkanda au kamba, kinashika kisigino, soli sio nene na ina vimikato. Masikio: kama kizunguzungu kinakuja anapogeuka kitandani au kutazama juu, dunia inazunguka kwa sekunde chache alafu inatulia, mara nyingi ni vichembe vidogo vilivyomo kwenye sikio la ndani vimehama sehemu yake, na kuna namna daktari au mtu wa fiziotherapia (tiba ya viungo) anamlaza na kumgeuza kichwa vikarudi, bila dawa.

Lakini kuyumba kulikoanza ghafla, leo leo, mdomo umekwenda upande au mkono umeishiwa nguvu au maneno hayaeleweki, hiyo ni dalili ya kiharusi, hospitali sasa hivi, msisubiri asubuhi na msimpake mafuta.

Kwa Tanzania mwenye miaka 60 na zaidi anatambulika kama mzee kwenye Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003, na hospitali nyingi za serikali zina dirisha la wazee, ulizeni mkifika.

Mkongojo

Wengi wanaukataa kwa aibu, na wanaoukubali wanashika bakora ya marehemu babu ambayo urefu sio wake. Asimame wima na viatu vyake, mikono imening'inia, kichwa cha mkongojo kiwe usawa wa mkunjo wa kifundo cha mkono, akiushika kiwiko kikunje kidogo. Mrefu ukate, mfupi tafuta mwingine. Chini uwe na kofia ya mpira, ikiisha ibadilishwe. Na unashikwa upande wa mguu MZIMA, sio upande wa mguu mbovu. Mguu unaouma ni wa kulia basi mkongojo mkono wa kushoto, na vinatembea pamoja, mkongojo na mguu mbovu vinaenda mbele kwa wakati mmoja. Niliwahi kumuona mama mmoja sokoni Muheza akibadilishiwa mkono tu na kijana wa fiziotherapia, pale pale mwendo ukanyooka.

Akianguka

Usimvute. Kitu cha kwanza watu wanamkimbilia wanamshika makwapani wanamnyanyua, kama kuna mfupa umevunjika mmeuongezea. Ongea naye, muulize wapi panauma, angalia kama anasogeza mikono na miguu. Mguu mmoja ukionekana mfupi na umelalia nje, hawezi kuunyanyua, panauma kwenye nyonga au kinena, huo ni mvunjiko wa nyonga mpaka picha iseme vinginevyo. Usichue, usikande na maji ya moto, usiite wa kunyoosha. Mfunike, mto katikati ya miguu, tafuta gari anaweza kulala, hospitali yenye eksrei.

Kama hakuumia mfundishe anyanyuke mwenyewe, na mfanye zoezi hili siku ya kawaida kabla hajaanguka, kwenye mkeka, wewe ukiwepo. Ageuke ubavu. Asukume kwa mikono apige magoti na viganja chini. Atambae mpaka kwenye kiti au kitanda. Aweke mikono juu ya kiti, alete mguu wenye nguvu mbele nyayo chini, asukume kwa mikono na mguu huo, ageuze makalio akae. Apumzike kabla ya kusimama.

Akigonga kichwa mwangalie kwa wiki kadhaa, sio siku moja. Kwa wazee damu inaweza kuvuja taratibu ndani ya fuvu na dalili zikaja wiki mbili tatu baadaye, kichwa kuuma, kusinzia sinzia, kuchanganya maneno, mguu mmoja kulegea. Kama anatumia dawa ya kuyeyusha damu mpeleke siku hiyo hiyo hata kama anasema yuko sawa.

Na andika kwenye lile daftari: saa ngapi, wapi, alikuwa anafanya nini, alivaa nini miguuni, alikula saa ngapi, dawa gani alikunywa. Ukiona mara mbili zote ni alfajiri akitoka kitandani unajua pa kuanzia, ukiona zote ni mlango wa uani ita fundi avunje kile kizingiti. Wazee wengi wanaficha kuanguka kwa kuogopa mtawakataza kutoka, kwahiyo akikwambia ameanguka neno lako la kwanza liwe pole, la pili liwe twende tukaangalie pale mahali. Akishapona, wiki hiyo hiyo arudi kwenye kiti chake ukutani, mara 5, mikono akisukuma, mnaanza tena kuhesabu.